Mwalimu Aliyenoa Visu vya Hospitali

Siku ile mliponitembelea, nyinyi mliomaliza chuo juzi, mmoja wenu aliniuliza zamani tulikuwa tunatumia mashine gani. Nikamjibu kwamba nzuri kuliko zote ilikuwa ya kunolea visu. Mkacheka, mkanywa chai, mkaniaga mkisema mzee ana utani. Sikuwa natania. Nimeona heri niwaandikie, maana nikifa na jambo hili mtabaki mnasimulia kwamba nilikuwa mchekeshaji.

Nilifanya kazi ya fiziotherapia miaka thelathini na miwili, mingi yake hapa Dodoma. Watu wa mjini waliniita daktari wa mazoezi. Waliotoka vijijini waliniita mkandaji. Mtunza stoo wa hospitali aliniita yule wa chumba cha mwisho, na huyo ndiye aliyekuwa sahihi zaidi. Chumba chenyewe kilipakana na jiko, paa la bati bila dari, vitanda viwili, kioo kirefu chenye ufa, na vyuma viwili vya kushikilia mtu anapojifunza kutembea upya. Vyuma hivyo fundi alivitengeneza kwa mabomba ya maji aliyoyang'oa nyuma ya wodi. Kwa kuwa maji yenyewe hayakuwa yakipita humo, hakuna aliyelalamika.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Milango ya biashara ilifunguliwa, na Majengo sokoni kukawa na kila kitu ambacho jana yake hakikuwapo: mitumba, redio za kaseti, sabuni zenye harufu ya matunda tusiyoyajua. Mimi niliingia sokoni kutafuta suruali za jinzi zilizochanika kiunoni. Unakata mguu wa suruali, unashona upande mmoja, unajaza mchanga, unashona upande wa pili, kisha unakwenda kuupima kwenye mizani ya muuza mahindi. Hapo umepata mzigo wa kufunga kifundoni. Neno moja tu kwenu: mchanga uanikeni kwanza ukauke kabisa. Niliwahi kujaza mchanga mbichi wa korongoni, na kwa wiki mbili nikamsifu mzee mmoja wa Kongwa kwa jinsi mguu wake ulivyokuwa unapata nguvu. Kumbe mchanga ulikuwa unakauka.

Basi katika miaka hiyohiyo ya ruksa, serikali nayo ilikuwa inapunguza wafanyakazi. Mwalimu Eunike aliingia chumbani kwangu kwa njia hiyo.

Alikuwa akifundisha hesabu darasa la tatu katika shule moja ya msingi hapa mjini. Mjane, watoto watatu, anaishi na mama mkwe wake. Jicho lake moja liliwahi kufifia, likarudi. Halafu mguu wa kulia ukaanza kuburuta, vidole vikafa ganzi, na uchovu ukamwingia ambao haukulingana na kazi aliyoifanya. Mtaani walisema karogwa, na shuleni wachache walinong'ona kwamba anakunywa, maana alikuwa akiyumba saa nne asubuhi. Daktari bingwa aliyekuwa akija mara mojamoja kutoka Dar es Salaam akampima kwa muda mrefu, akaandika maltipo sklerosisi. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inakosea adui, inatafuna ganda la neva, na amri ya ubongo inafika mguuni ikiwa nusu au haifiki. Kwetu ni nadra mno. Nilikuwa nimeusoma chuoni kwenye aya moja, na aya yenyewe ilikuwa chini ya picha.

Nikamwendea aliyenifundisha kazi, Mzee Kapinga, ambaye wakati huo alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Mzee Kapinga alikuwa na jibu la kila kitu, na mara nyingi lilikuwa jibu zuri. Akaniambia mgonjwa wa namna hiyo ni betri ya redio. Ukiitumia inakwisha, usipoitumia inadumu. Nikaona ni hekima. Nikaandika kwenye ripoti yangu, kwa wino wa bluu na mwandiko wa kujivunia: *Apumzike. Asijichoshe.* Nikapiga muhuri.

Miezi minane baadaye akarudi ameshika bahasha. Alikaa kwenye kitanda, akaifungua, akaniwekea ile ripoti mbele yangu.

"Shikamoo, Bwana Mihambo. Huu mwandiko ni wako?"

"Marahaba. Ni wangu, Mwalimu."

"Ni mwandiko mzuri. Darasani kwangu ningeupa vyema sana." Akaikunja. "Nimepumzika kama ulivyoandika. Nimepumzika mpaka ngazi mbili za darasani siwezi kuzipanda bila mtoto kunishika mkono. Sasa wameisoma hii, wameniweka kwenye orodha ya kustaafishwa kwa maradhi. Jopo la madaktari litaniona mwezi wa kumi. Nataka uniandikie nyingine."

Nikamwambia siwezi kuandika nisichokiona.

"Basi nifanyishe kitu ukione," akasema. "Mimi hesabu ndiyo kazi niliyonayo. Wakinitoa hapo sina pengine pa kusimama, na wanangu wanakula kutokana na hiyo chaki."

Nilimtazama mapaja. Yalikuwa yamekonda kuliko mikono yake. Ugonjwa ulikuwa umechukua sehemu, lakini sehemu nyingine nilikuwa nimeichukua mimi kwa wino wa bluu. Niliona aibu, nawaambieni, na aibu hiyo bado ninayo.

Mashine tuliyokuwa nayo ilikuwa baiskeli ya mazoezi, msaada kutoka ng'ambo, iliyofika ndani ya sanduku zuri sana. Ilikuwa na saa ya kuonyesha mapigo ya moyo na kishikio cha chupa ya maji. Haikuwa na pedali. Tuliandika barua, tukaletewa kishikio kingine cha chupa.

Hapo ndipo anapoingia Athumani, mnoa visu wa Majengo. Mnawajua watu hawa: baiskeli imesimamishwa juu ya stendi, gurudumu la nyuma haligusi ardhi, mkanda unazungusha jiwe la kunolea mbele ya usukani, mwenyewe anapiga pedali huku ameshika kisu. Athumani alikuwa ameumia mgongo, na mimi ndiye niliyekuwa nikimtibu. Alikuja na baiskeli yake kila siku kwa sababu hakumwamini mtu yeyote sokoni kumwachia. Kupiga pedali hakuweza, ila kushika kisu aliweza. Mwalimu alihitaji kupiga pedali, na visu hakuwa na habari navyo. Nikawatazama wote wawili kwa siku mbili kabla akili haijanijia, nami nilikuwa nalipwa mshahara wa kufikiri.

Tukaitoa baiskeli uani, nyuma ya jiko. Mwalimu juu ya tandiko, Athumani kwenye kigoda mbele ya jiwe. Uzuri wa mtambo ule hamtaupata kwenye mashine zenu. Athumani akikandamiza kisu kwenye jiwe, pedali zinakuwa nzito. Akilegeza, zinakuwa nyepesi. Niliinua kidole kimoja, viwili au vitatu, naye alijua. Wapishi wakaanza kutuletea visu vya jikoni, ambavyo hadi siku hiyo vilikuwa vinakata nyama kwa kuibembeleza.

Wiki tatu za kwanza hatukufika popote. Nusu dakika, mguu unatetemeka. Dakika moja, unateleza kwenye pedali. Nikaona mwili wake ni mgumu, nikafanya alichofundishwa kila mkandaji tangu dunia iumbwe: nikachovya taulo kwenye maji ya moto, nikamfunika mapaja robo saa kabla ya kuanza. Siku hiyo alipiga pedali mara ishirini, akasimama.

"Bwana Mihambo, kile kioo chako mbona kimeingia ukungu?"

Kioo kilikuwa chumbani, mlango wazi. Hakikuwa na ukungu. Nikamshusha, nikamweka kivulini, nikakaa karibu naye. Nilidhani nimempofusha. Baada ya saa moja hivi macho yakarudi, naye akaniuliza kama kesho tunaendelea. Nikasema tutaona. Jioni hiyo nilikwisha kuandika ripoti ya pili kichwani, nayo ilikuwa sawasawa na ya kwanza.

Kilichotuokoa ni msiba. Ndugu wa mama mkwe wa Mwalimu alifariki kule Kibakwe, bibi akasafiri. Na kuni za jikoni kwetu zikawa zimeisha, kwa hiyo hapakuwa na taulo za moto. Asubuhi ya pili ya hali hiyo Mwalimu alipanda baiskeli, akapiga dakika moja, akapumzika, akapiga nyingine, akapumzika, akapiga ya tatu. Athumani akageuka.

"Visu vimeisha, Bwana Mihambo. Nimpe nini?"

Nikampa mkasi wa bandeji. Kisha nikamuuliza Mwalimu amekula nini.

"Ugali wa uwele na mlenda, kama jana."

"Umelala?"

"Kama jana."

"Umekandwa?"

"Na nani? Mama yuko Kibakwe. Nimeoga maji ya mtungini, ya baridi, meno yakagongana."

Ndipo nilipojua kwamba kila alfajiri, kabla hajaja kwangu, mama mkwe wake alikuwa akimkanda kwa maji ya moto tangu shingoni hadi nyayoni. Halafu anatembea juani. Halafu anafika, nami namkanda tena. Nikaenda kwenye faili kutafuta barua ya daktari bingwa. Ilikuwa na maandishi pande mbili. Upande wa pili, mstari wa tatu, aliandika kwamba mgonjwa akipata joto dalili zake huzidi kwa muda, akipoa hurudi, kwa hiyo aepushwe na joto. Sikuwahi kuusoma upande huo. Karatasi zilikuwa za shida, na juu ya maneno hayo nilikuwa nimeorodhesha taulo zinazokwenda kufuliwa.

Nikamweleza Mzee Kapinga. Akasema zile betri za redio tulikuwa tukizianika juani ili zipate nguvu, na huyu tukimwanika anazimika. "Basi si betri," akasema. Ni mara moja tu katika maisha yangu nilimsikia akibadili neno lake, na alilimeza lile la kwanza bila kuomba glasi ya maji.

Kazi ngumu ilibaki. Ilibidi mtu akamwambie bibi aache kukanda.

Bibi alirudi kutoka Kibakwe, nikaenda nyumbani kwao. Nikamsalimu kwa Kigogo changu kibovu, mbukwenyi, akaitikia akicheka. Mimi ni Mnyamwezi, na Wagogo ni watani zetu tangu babu zetu walipokuwa wakipita hapa na mizigo.

"Mnyamwezi," akasema, "babu zako walilipa hongo ndipo wapewe maji ya visima vyetu. Wewe umekuja mikono mitupu."

"Nimekuja kwa ajili ya maji hayohayo, bibi. Naomba Mwalimu asikandwe tena na ya moto. Akandwe na ya baridi."

Kicheko kikakatika. 

"Nimezaa saba nikakandwa maji ya moto. Huyu nilimkanda uzazi wa watoto watatu. Mwanangu alipokufa, nilimkanda huyu akaamka kitandani. Mtu mzima mwenye akili amwagie mgonjwa maji ya baridi? Mtu hai hakandwi hivyo."

Sikumjibu kwa sayansi. Wanangu, msishindane na mtu ambaye dawa yake ni upendo, maana hata mkimshinda mtakuwa mmemwibia. Nilimwomba kesho yake aje hospitali na ndoo mbili, moja ya moto na moja ya baridi. Akaja. Siku ya kwanza akamkanda ya moto mwenyewe, palepale uani, na Mwalimu akapiga pedali sekunde arobaini, kisu kikatoka butu. Siku ya pili akalowanisha khanga kwenye maji ya baridi, akamfunga shingoni, na Mwalimu akanoa panga zima. Bibi akalipitisha dole gumba kwenye makali.  Siku ya tatu alikuja na ndoo moja.

Tangu hapo tukaenda kwa utaratibu, na utaratibu wenyewe nawapa bure. Tulianza saa kumi na mbili na nusu, kabla jua halijashika ukuta. Dakika moja kwa nguvu zote, nguvu za kweli, mpaka mtu hawezi kuzungumza. Dakika mbili za kupumzika, khanga mbichi shingoni. Tulianza na mizunguko mitatu, tukafika minane. Siku moja tunafanya, siku moja tunaacha. Wakati wa kupumzika nilimtaka ataje jedwali la saba kwa sauti. Siku alipokosea saba mara nane, tulisimamisha, kwa sababu mwalimu wa hesabu hakosei hapo mpaka mwili uwe umekwisha. Na nilisikiliza kandambili zake anapoondoka. Mguu mzima hulia mara moja. Mguu unaoburuta hulia mara mbili. Niligeuka upande mwingine makusudi nisimwone, kwa sababu macho humpendelea mgonjwa unayempenda na masikio hayajui upendeleo.

Haukuwa muujiza. Kulikuwa na wiki alizorudi nyuma, na kuna asubuhi alilia juu ya tandiko, Athumani akajifanya anatafuta mafuta ya mnyororo. Lakini mwezi wa tisa alipanda ngazi za darasa peke yake, akashuka, akapanda tena ili ahakikishe, nami nikamwandikia ile ripoti nyingine aliyoiomba.

Kisha barua ya jopo ikafika. Saa nane mchana, mwezi wa kumi, Dodoma. Aliyepanga saa hiyo hakuwa na ubaya wowote, ila hata mbuzi wa hapa saa hiyo hawasimami juani.

Siku ya siku tulifika mapema. Bibi alikuja na ndoo yenye mapande ya barafu, aliyoyanunua Majengo kwa mama mmoja mwenye friji. Mwalimu alivaa khanga mbichi ndani ya gauni. Tuliitwa saa tisa. Chumba kilikuwa na madaktari watatu, meza ndefu, na madirisha yaliyofungwa kwa sababu ya vumbi. Khanga ilikuwa imekwisha kukauka.

Mwenyekiti, daktari wa makamo mwenye miwani, alikuwa na ripoti zangu mbili mbele yake.

"Nani ameandika hapa kwamba apumzike, asijichoshe?"

"Mimi, mheshimiwa."

"Na nani ameandika hapa kwamba asipumzishwe, afanye mazoezi ya nguvu?"

"Ni mimi pia."

"Ipi ya kweli?"

"Ya pili. Ya kwanza nilikosea, na kukosea huko ndiko kumemleta hapa."

Akaandika kitu. Kisha akamgeukia Mwalimu, akamuuliza anafanya mazoezi gani.

"Nanoa visu," akasema Mwalimu.

Mwenyekiti akasubiri maelezo zaidi. Hayakuja. Akamwambia atembee hadi dirishani na kurudi, mara nne.

Mara ya kwanza kandambili zililia vizuri. Mara ya pili pia. Nilitazama sakafu. Mara ya tatu, karibu na dirisha, nikasikia mguu wa kulia umelia mara mbili, kisha tena, na nikajua kila mtu chumbani ameusikia. Nilitamani nimshike mkono. Daktari mmoja akafunika kalamu yake.

Mwalimu akaimaliza mara hiyo, akasimama mbele ya meza.

"Nimechoka," akasema. "Naomba kiti, na dakika mbili. Kisha nitamalizia."

Hakuna aliyewahi kuomba hivyo mbele ya jopo. Wagonjwa wote hujikaza mpaka waanguke. Wakampa kiti. Akakaa, jasho linamtiririka, na mlango ukafunguliwa bila hodi. Bibi akaingia na ndoo yake, akawapita madaktari watatu kama anayepita vigingi vya zizi, akakamua khanga kwenye maji ya barafu, akamwekea mkwewe shingoni, akasimama nyuma yake. Mwenyekiti akafungua mdomo, bibi akamtazama, naye akaufunga, akavua saa yake ya mkononi akaiweka mezani.

Tukakaa dakika mbili.  Mwalimu alikuwa akinong'ona, nami peke yangu nilijua ni nini: saba mara sita, saba mara saba, saba mara nane hamsini na sita.

Akainuka. Akatembea hadi dirishani, akarudi. Kandambili zililia mara moja kila hatua. Akaenda tena, ingawa alikuwa amebakiza mara moja tu.

"Hiyo ni ya tano," akasema mwenyekiti.

"Najua. Mimi ni mwalimu wa hesabu."

Waliandika abaki kazini, afundishe vipindi vya asubuhi, apewe kiti darasani. Akafundisha mpaka umri wa kustaafu. Ugonjwa haukuondoka, wala asije mtu akawadanganya kwamba pedali zinauondoa. Miaka ya mwisho alitembelea fimbo, na sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu, kwa mwanawe, na bado ananisahihisha. Bibi tulimzika zamani. Athumani naye alipona mgongo, akatuacha na visu butu.

Siku ile, tulipokuwa tunatoka, mwenyekiti aliniita nirudi. Nikadhani nimekwisha. Alikuwa ameshika ile ripoti yangu ya kwanza, ya wino wa bluu. Akaiweka mezani mbele yangu, akanipa kalamu yake, akaonyesha kwa kidole neno *Apumzike*.

"Malizia," akaniambia.

Nikaandika mbele ya neno hilo: *dakika mbili*.